Sakafu ya mbao au lamineti: yaliyotukuta tulipojenga Ngaramtoni

Ukijenga Dar es Salaam, marumaru ni raha mwaka mzima. Huku kwetu Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, mambo ni mengine. Mwezi wa Juni na wa Julai sakafu ya marumaru inakunyonya joto kupitia nyayo tangu alfajiri mpaka jua lipande, na soksi hazisaidii sana. Sisi wenyewe tungevumilia. Tulikuwa tunamfikiria mama yangu, aliyekuwa anajiandaa kuhama Muheza aje kuishi nasi. Ana maumivu ya magoti ya muda mrefu na anatembea kwa mkongojo. Kila alipokuja kututembelea kwenye nyumba ya kupanga alikuwa anakaa kitandani hadi saa nne asubuhi kwa kuogopa kukanyaga chini.

Kwa hiyo marumaru ikabaki ya jikoni, bafuni na korido ya mlango wa nyuma. Vyumba vya kulala na sebule tulitaka kitu cha mbao, au kinachofanana na mbao. Nilidhani ni uamuzi wa wiki moja. Ulitula miezi, ukatula fedha ambazo hazikuwa kwenye bajeti, na kulikuwa na kipindi mimi na baba watoto hatukuwa na mazungumzo mengine mezani. Naandika kwa sababu wakati ule nilitafuta maelezo ya mtu aliyepitia haya katika mazingira yetu, sikuyapata. Niliyoyapata yalikuwa ya nchi za watu wenye hita ukutani, wasiomwaga maji sakafuni.

Jambo la kwanza lililotuchanganya ni lugha ya madukani. Muuzaji mmoja alituonyesha rafu nzima akisema "hizi zote ni mbao, dada, chagua rangi tu." Zilikuwa lamineti. Nilishika kipande nikakitazama ubavuni, na nakushauri ufanye hivyo kabla ya kuuliza bei, kwa sababu ubavuni ndipo kitu chenyewe kinapojitambulisha. Lamineti ina tabaka nne. Chini kabisa kuna karatasi ya kuizuia isipinde. Juu yake kuna kiini cha kahawia, ambacho ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ndugu yake MDF (zile mbao za unga za kutengenezea makabati) lakini mgumu zaidi. Juu ya kiini kuna karatasi iliyochapishwa picha ya mbao, na mwisho utando mwembamba unaong'aa wa kulinda ile picha. Hizo mistari na macho ya mti unayoyaona ni picha. Ukitazama katoni mbili zilizofunguliwa utaona jicho lilelile likijirudia.

Sisemi hivyo kuidharau. Ule utando wa juu umechanganywa na chembe za alumini oksaidi, kitu kigumu sana. Nilikwaruza kipande cha lamineti kwa funguo za gari nikasugua kwa nguvu, hakikupata alama ya kuonekana. Nilipofanya hivyo kwenye kipande cha mninga, ukabaki mstari. Watu wengi wanaamini mbao ngumu haikwaruziki na lamineti ni dhaifu. Kwa mikwaruzo ni kinyume. Lamineti inaizidi mbao nguvu mpaka siku utando utakapotoboka, na siku hiyo hakuna dawa isipokuwa kutoa kipande na kuweka kingine. Mbao inakwaruzika mapema, lakini unaipiga msasa ikarudi upya. Ubao wa milimita 20 unaweza kupigwa msasa wa mashine mara kadhaa katika maisha yake.

Kwenye katoni za lamineti tafuta herufi AC na namba. Ni kipimo cha Ulaya cha uwezo wa utando kustahimili msuguano. AC3 inatosha chumba cha kulala, AC4 inafaa sebule yenye pilikapilika, na AC5 imekusudiwa dukani na maofisini. Tafuta pia maandishi E1, yanayoonyesha kwamba fomaldehaidi, gesi yenye madhara inayotoka kwenye gundi, iko ndani ya kiwango kinachokubalika kwa nyumba. Katoni isiyo na alama hizo mbili tuliiacha hata ilipokuwa na bei nzuri. Unene nao una kelele nyingi madukani. Wauzaji wanasukuma milimita 12 kama ndiyo imara, lakini unene hauna uhusiano na ugumu wa utando. Unasaidia kidogo mlio wa hatua na uimara wa kliki, yaani viungo vya kushikanisha vipande, basi.

Kilichobadilisha mawazo yetu ni beseni la maji. Niliomba kipande cha sampuli cha lamineti ya milimita 8, na kwa fundi seremala nikapewa vipande viwili vya mabaki, cha mninga na cha mtiki, ambao wengine wanauita msaji. Nikavitumbukiza vyote usiku kucha. Asubuhi vipande vya mbao vilikuwa vimekoza rangi na kuwa vizito, basi. Lamineti ilikuwa imevimba kingoni. Kwa rula ilitoka milimita 8 ikafika karibu 10, na ile picha ya juu ilikuwa imeanza kunyanyuka. Niliviacha vikauke kibarazani. Mbao zilirudi zilivyokuwa. Lamineti ilikauka ikiwa imevimba vilevile.

Sasa fikiria tunavyosafisha nyumba zetu. Sisi ni watu wa kudeki. Ndoo, maji, sabuni, dekio linalodondosha, na siku ya usafi mkubwa maji yanamwagwa na kusukumwa nje kwa mpira. Lamineti ilizaliwa Sweden mwishoni mwa miaka ya 1970, mahali ambapo sakafu inafagiliwa kwa mashine na kufutwa kwa kitambaa chenye unyevu tu. Ukiileta kwenye nyumba yetu bila kubadilisha tabia ya ndoo, umeileta kufa. Nilikwenda kuangalia nyumba ya jirani mmoja aliyeiweka sebule nzima. Ilikuwa nzuri sana katikati. Karibu na mlango wa jikoni kila kiungo kilikuwa kimenyanyuka, ukipitisha mkono unahisi matuta. Alisema ilitokea ndani ya mwaka. Zipo aina zenye nta kwenye viungo zinazoandikwa kwamba hazipitishi maji. Zinastahimili maji yaliyomwagika kwa saa nyingi, na bei yake ni ya juu. Hata hizo haziwezi maji yanayotoka chini, na huko chini nitafika.

Basi nikaigeukia mbao nikidhani ndiyo suluhisho la moja kwa moja. Hapo ndipo fedha nyingi zaidi zilipoponyoka.

Kwanza, mti gani. Kila mtu hapa anasema mninga. Ni mbao nzuri kweli, haichezi sana ikishakauka, rangi yake ni ya dhahabu inayoelekea wekundu. Lakini mninga ni mti wa misitu ya asili, wa Tabora, Katavi na huko kusini, unakua polepole mno, na tumeukata sana. Tangu Februari 2023 mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, maana yake biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji vibali maalumu. Kuununua hapa nchini kihalali hakukatazwi. Mimi nilisita. Mtiki, kwa upande mwingine, unapandwa: Longuza kule Muheza, Mtibwa, Kilombero. Mama alikua akiyaona mashamba ya Longuza, mitiki iliyoanza kupandwa nchini enzi za Wajerumani, na niliposema "mtiki" alifurahi kama nimetaja jina la ndugu. Kiini chake kina mafuta ya asili, mchwa hawakipendi. Na bei niliyopewa ilikuwa Sh 85,000 kwa mita ya mraba ya mbao zilizochongwa ulimi na mfereji ili zishikane ubavuni, wakati mninga uliulizwa Sh 110,000.

Ukinunua mbao za mtiki wa shamba, tazama zile sehemu nyeupe pembeni. Ile ni nje ya mti, haina mafuta ya kiini, na wadudu wanaitoboa. Miti michanga ina weupe mwingi. Tulizichambua ubao mmoja mmoja, na muuzaji hakufurahi. Usiondoke pia bila risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na TFS, wakala wa serikali wa misitu. Gari lililobeba mbao zetu lilisimamishwa kwenye kizuizi, na karatasi hizo ndizo zilizotupitisha.

Pili, ukavu. Hili ndilo ningependa kila mtu alishike hata akisahau mengine yote. Muuzaji aliapa mbao zimekaa ghalani miaka miwili. Kwa macho zilionekana kavu, kwa mkono zilikuwa kavu. Nilimpigia mjomba wangu, fundi seremala mstaafu wa Tanga, ili nimpe habari njema.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hizo mbao umezipima?"

"Muuzaji anasema zina miaka miwili, mjomba."

"Kiapo hakikaushi mbao. Kata kipande katikati ya ubao, usikate nchani, ncha hukauka mwanzo. Pima uzito, oka, pima tena. Kisha unipigie."

Nilifanya alivyoagiza, kwa mizani ya jikoni na oveni ikiwa kwenye nyuzi 100 na kidogo. Kipande kilianza na gramu 246. Nilikitoa na kukipima kila baada ya saa chache hadi uzito ulipogoma kushuka zaidi, kwenye gramu 202. Gramu 44 zilikuwa maji. Unagawanya maji kwa uzito mkavu: 44 kwa 202, karibu asilimia 22. Kwa sakafu ya ndani mafundi wanalenga asilimia 10 hadi 12. Mjomba aliposikia ile 22 alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, ukizipigilia hizo, zitacheza zikutie aibu mbele ya wageni." Alinieleza hesabu yake: ubao wa sentimita 10 ukikauka kutoka pale ulipo hadi panapotakiwa unaweza kupungua karibu milimita 2. Kila ubao. Sebule nzima ingekuwa na nyufa za kupitisha sarafu.

Muuzaji alikataa kurudisha fedha. Alisema kila mtu ananunua hivyohivyo na hakuna aliyewahi kuoka mbao. Nililia siku ile, si kwa sababu ya mbao hasa. Ni ule uchovu wa ujenzi, wa kila mtu kukuambia "hamna shida" kuhusu nyumba ambayo yeye hatalala. Tulizipeleka kwenye tanuri la kukaushia mbao la kiwanda kimoja, ikatugharimu Sh 600,000 pamoja na usafiri, na baada ya tanuri ilibidi zipitishwe randa tena kwa sababu baadhi zilipinda. Ukinunua mbao, fanya kipimo cha oveni kabla hujalipa. Kinagharimu kipande kimoja cha ubao na umeme wa siku. Kama kuna fundi mwenye mita ya unyevu, ile yenye sindano mbili, mlipe aje nayo ghalani.

Wakati mbao ziko tanurini, tuligundua kwamba tungechagua lolote kati ya mawili, bado tusingeweza kuliweka. Zege lilikuwa bichi.

Jamvi, yaani zege la chini la sakafu, lilimwagwa mwishoni mwa mwaka, lipu ikafuata, na safu ya mwisho ya saruji kwenye vyumba vya watoto ilimwagwa karibu na masika. Kwa juu ilionekana nyeupe, kavu kabisa. Baba watoto akakata kipande cha nailoni angavu cha mita moja kwa mita moja, akakibandika chini kwa gundi ya utepe pande zote nne, tukakiacha hadi keshokutwa. Tulipokifunua kulikuwa na matone chini yake na saruji imekuwa ya kijivu cheusi. Kanuni wanayoitumia wajenzi ni mwezi mmoja hivi kwa kila sentimita 2.5 za unene, hali ya hewa ikiwa nzuri na madirisha yakiwa wazi. Masika ya Arusha si hali ya hewa nzuri. Tukangoja. Kila mwezi wa kungoja ulikuwa Sh 350,000 za kodi ya nyumba tuliyokuwa tumepanga, na kila wiki kulikuwa na mtu wa kutushauri tuweke tu, "nailoni nyeusi itazuia". Nailoni chini ya lamineti ni lazima, ya unene wa milimita 0.2, ikipanda kidogo ukutani. Lakini kazi yake ni kuzuia unyevu mdogo unaobaki. Zege lililojaa maji litatafuta njia pembeni, na njia hiyo ni kwenye skating (ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta) na lipu yako.

Mama alikuja tukiwa bado tunangoja. Nilimwonea huruma kumrudisha kwenye nyumba ya marumaru kwa baridi ile. Tulimtandikia mikeka miwili na zulia juu yake kutoka kitandani hadi mlangoni, na kwa kweli ilisaidia kuliko nilivyotarajia. Kama huna fedha ya sakafu sasa, anza na hiyo bila aibu.

Kungoja kulitupa nafasi ya kufikiri chumba kwa chumba badala ya kubishana nyumba nzima. Mimi nilikuwa upande wa mbao, baba watoto upande wa lamineti, na wote wawili tulikuwa tunatetea kitu kimoja kila mahali. Tulipochora ramani na kuweka alama ya maji, yaani bafu liko wapi, mlango wa nje uko wapi, nani anamwaga nini, jibu likaanza kuonekana lenyewe. Chumba cha mama kiko ubavuni mwa bafu lake. Maji yatamwagika huko usiku, hakuna wa kumlaumu. Kikapata mbao. Sebule itakuwa na wageni, misiba, sherehe, viti vinavyoburutwa, na tunataka idumu kuliko sisi. Mbao. Vyumba vya watoto viko mbali na maji, vina magari ya kuchezea na kalamu za rangi, na baada ya miaka kumi watoto watataka vyumba vyenye sura nyingine. Lamineti, AC4. Rafiki zangu wengi wangefanya kinyume, wangeweka kitu cha bei kwa watoto na cha nafuu kwa bibi. Sisi tulifuata maji.

Kuna jambo la vimo ambalo fundi wengi hawalitaji. Sakafu hizi hazina unene mmoja. Mbao zetu za milimita 20 zilikaa juu ya papi, yaani miti myembamba inayolazwa chini ya mbao, za milimita 25, jumla 45. Lamineti ya 8 na sponji ya 3 inayotandikwa chini yake ni 11. Marumaru na gundi yake ni kama 13. Ukimwaga saruji sawasawa kila mahali, mlango wa sebule utakuwa na ngazi ndogo, na ngazi ndogo kwa mtu wa mkongojo ni hatari kuliko ngazi kubwa kwa sababu haionekani. Sebule na chumba cha mama tuliacha bila safu ya mwisho ya saruji, na papi zikajaza pengo lile. Leo mkongojo unapita kutoka marumaru hadi mbao bila kukwama. Uamuzi huo ni lazima ufanyike kabla ya saruji, kwa hiyo ufanye hata kama fedha ya mbao utaipata mwakani. Papi zenyewe chagua za paini zilizotiwa dawa, zile za kijani, na nyunyiza dawa ya mchwa kwenye jamvi kabla hujafunika. Ukishafunika, umefunika.

Fundi. Kwa lamineti usichukue fundi marumaru kwa sababu tu yuko hapo na ana bei nzuri. Wa kwetu wa mwanzo alitaka kubana vipande hadi ukutani "visiwe na mwanya". Lamineti na mbao vyote vinapumua, yaani vinatanuka na kusinyaa, na kama hujaacha nafasi ya milimita 10 kuzunguka chumba, vitajinyanyua katikati. Skating itafunika huo mwanya, na skating inapigiliwa ukutani, haipigiliwi kwenye sakafu. Katoni za lamineti tulizilaza ndani ya vyumba vilevile siku mbili kabla ya kufunguliwa, ili zizoee hewa ya humo. Mbao tulizipanga sebuleni kwa muda mrefu zaidi, na vijiti kati ya safu na safu, madirisha yakiwa yameshawekwa vioo. Mtiki pia una tabia yake. Yale mafuta yanayofukuza mchwa yanakataa vanishi, kwa hiyo fundi seremala, aliyeyajua hayo, alifuta kila sehemu kwa thina kabla ya mkono wa kwanza. Vanishi ilikuwa mikono mitatu, na msasa mwepesi katikati. Harufu yake ni kali, mama alikwenda kwa dada yangu hadi ilipoisha. Na vumbi la msasa si la kuvumilia kishujaa. La mninga linajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua, na la mtiki halina upole. Nunueni barakoa nzuri kwa mafundi wenu, mzigo huo ni wa mwenye nyumba.

Fedha, bila kuficha. Lamineti ya vyumba viwili, mita za mraba 24, tulinunua mita 27 kwa sababu ya upotevu wa kukata: Sh 1,080,000. Sponji na nailoni Sh 120,000, skating Sh 150,000, fundi Sh 168,000. Jumla Sh 1,518,000, yaani kama Sh 63,000 kwa mita, wakati dukani tuliambiwa Sh 40,000. Mbao za sebule na chumba cha mama, mita za mraba 46, tulinunua mita 51: Sh 4,335,000. Tanuri Sh 600,000. Papi, dawa na misumari Sh 700,000. Fundi Sh 1,150,000. Mashine ya msasa na vanishi Sh 900,000. Jumla Sh 7,685,000, kama Sh 167,000 kwa mita. Bado sijaweka kodi ya miezi ya kungoja. Kwa hiyo ukisikia bei ya dukani, ongeza nusu yake kwa lamineti, na karibu mara mbili kwa mbao, ndipo uamue kama unaimudu. Wapo watakaoimudu sebule peke yake, na hakuna ubaya.

Tumeshapita baridi na kiangazi ndani ya nyumba. Mama anaamka saa moja na kutoka nje kuangalia kuku wake. Kiangazi zilitokea nyufa nyembamba kati ya mbao chache karibu na dirisha linalopigwa na jua la mchana, mvua zilipoanza zikajifunga. Mjomba alisema tuziache, tusijaze kitu. Chini ya zulia la sebule mtiki umebaki na rangi tofauti na pembeni, kwa sababu mwanga unabadilisha mbao. Sasa tunalisogeza zulia kila baada ya muda.

Kuhusu usafi, nilikaa na dada anayetusaidia nyumbani, tukafanya pamoja mara ya kwanza. Vyumba vya watoto ni ufagio laini, kisha kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi tone. Ndoo inabaki mlangoni, haiingii. Sebule hivyohivyo, ingawa huko kosa moja halitaua kitu. Yeye ndiye aliyeshauri tuweke kitambaa kinene nje ya mlango wa nyuma, maana changarawe za uani ndizo zinazochuna vanishi kuliko viti.

Jambo la mwisho ni katoni za akiba. Tulibakiza katoni moja ya lamineti na mbao kadhaa za mtiki, na kwenye simu nina picha ya jina la rangi na namba ya toleo iliyo kwenye katoni. Mwezi uliopita pasi ilianguka chumba cha watoto ikaacha alama ya kuungua. Fundi alitoa skating upande mmoja, akafungua vipande hadi kufika kilichoungua, akaweka kipya kutoka kwenye akiba, akarudisha. Alitoza Sh 30,000. Nilipita dukani tulikonunua nione kama naweza kujaza katoni ile. Rangi hiyo haiji tena.